Tochi Iliyokunywa Maji ya Chumvi

Kwa muda mrefu, tena nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na mke, niliamini kwamba tochi ya kichwani ikiingia maji ya chumvi inamnyonya aliyeivaa kumbukumbu zake. Sisemi nilisikia nikatikisa kichwa. Niliamini kabisa, kama ninavyoamini kuwa jua la Kilwa linachomoza upande wa bahari.

Habari yenyewe niliipata Nangurukuru, pale njia panda, nikisubiri gari la kurudi Kilwa Masoko. Kulikuwa na muuza mihogo ya kuchoma ambaye mdomo wake ulikuwa na moto kuliko jiko lake.

"Jamaa wa Kiranjeranje," alikuwa anawaambia wateja, "mkulima wa ufuta, hana hili wala lile. Kaja Kilwa kumsalimia shemeji yake. Wakamwambia, twende tukamulike pweza. Kavaa tochi kichwani, kaingia nayo baharini, tochi ikanywa maji ya chumvi. Mnajua ilifanya nini?"

"Ilizimika," alisema kondakta mmoja.

"Ingezimika ningekusimulia? Iliwaka! Swichi imezimwa, yenyewe inawaka. Sasa niambie, inawaka kwa umeme gani? Umeme wa kichwani mwake! Ubongo una umeme, kaulize hospitali. Ikamvuta, ikamvuta, mpaka ikammaliza. Karudi kijijini kwake, kapiga hodi kwa jirani, kaketi, kamwambia mke wa jirani: mama watoto, chakula vipi? Anaulizwa jina lake, anataja jina la mbwa."

"Na huyo mke wa jirani alifanyaje?"

"Alimpakulia."

Kituo kizima kilicheka. Nadhani hata mabasi yalicheka. Mimi peke yangu nilibaki na kipande cha mhogo mdomoni, nimesahau kutafuna, na kule kusahau kutafuna kwenyewe kukanitisha.

Nieleze kwa nini. Wakati ule nilikuwa nasoma masomo ya watu wazima, nikijiandaa kufanya tena mtihani wa kidato cha nne ambao ulinipiga mwereka ujanani. Kichwa changu kilikuwa kimeota kutu miaka mingi. Kila kitu nilichofanikiwa kukiingiza humo nilikiingiza kwa kusukuma, kama mtu anayeshindilia godoro kwenye gunia. Halafu wiki ileile mwalimu wetu wa sayansi, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya kukata barafu, alikuwa ametufundisha kwamba neva za mwili hupelekeana habari kwa umeme mdogo sana. Basi muuza mihogo alipotaja umeme wa ubongo, nilijisemea: huyu bwana anajua. Ningekuwa sijasoma kabisa, ningecheka pamoja na wenzangu. Ningekuwa nimesoma vya kutosha, ningecheka pia. Tatizo nilikuwa katikati, na katikati ndipo mtu anapotishika vizuri.

Na tochi ya kichwani nilikuwa nayo. Ndogo, nyeusi, ya kuchaji, ya balbu zile nyeupe zinazochoma macho na moja nyekundu ya kupepesa, ina mkanda wa kuzungushia kichwa. Kwenye boksi palichorwa mwanamume anakimbia kwenye mvua huku anatabasamu, matone yanamrukia kila upande. Aliyeniuzia aliapa kuwa hata nikiifua pamoja na nguo, nikaianika kambani, itawaka. Niliivaa kusomea umeme ukikatika, mke wangu ananiita bodaboda. Ilikuwa inamulika kiasi kwamba, naapa, popo wa mtaa wetu walianza kulala mchana na usiku.

Kisha mke wangu akajifungua.

Hapo ndipo hofu yangu ilipopata mlango wa kuingilia. Tuliishi ukweni, kama wanaume wengi wa kwetu tunavyofanya, kibanda changu na nyumba ya mama mkwe vinatazamana. Mama mkwe alikuwa mtafuta pweza. Kila bamvua, maji yanapokupwa mpaka mwamba unabaki wazi, alishuka mwambani na kijiti chake chenye ncha ya chuma na ndoo yake, na siku zote alishuka na mke wangu. Kazi ile hufanywa na watu wawili. Mwenye kijiti hashiki tochi: mkono mmoja unachokoa tundu, mwingine unasubiri kumshika mnyama akitoka. Mwenye tochi humulika tundu, halafu kila baada ya muda huinua macho kutazama maji yamefika wapi. Mwenye kijiti hatazami maji kamwe. Anamwachia mwenzake uhai wake.

Sasa mke wangu yuko ndani, yuko kwenye arobaini, haruhusiwi hata kuvuka kizingiti jioni. Dada yake ameolewa Mingoyo. Majirani wana wenzao wa kumulikiana. Nikabaki mimi.

Mkwe! Asiyejua mambo ya ukweni hawezi kuelewa. Mimi kwa mama mkwe sikumpa mkono. Sikukaa kwenye mkeka wake. Tukikutana kwenye kijia chembamba nilijibanza kwenye majani nikaangalia chini, "Shikamoo mama," naye akapita akiangalia kwingine, "Marahaba baba," kama watu wawili wanaodaiana siri. Leo niambiwe nitembee naye gizani, baharini, nimemkaribia kiasi cha kusikia anavyopumua?

Mke wangu aliniita pembeni ya kitanda, mtoto yuko ziwani.

"Baba mtoto, nikwambie kitu. Mama siku hizi haoni vizuri jua likizama. Hawezi kukwambia, wewe ni mkwe. Bila mtu wa kummulikia atashuka hivyohivyo, namjua. Nenda naye. Umrudishe."

"Nitamrudisha."

"Usinijibu haraka haraka hivyo. Mama ninaye mmoja."

Alinitazama, na katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuona macho kama yale. Nikarudia kumjibu, polepole.

Jioni ya kwanza ilikwenda salama. Nilimulika, mama mkwe alichokoa, pweza wakaingia kwenye ndoo mmoja baada ya mwingine. Yeye ndiye aliyevunja ukimya.

"Baba, unamulika pweza au unautafuta mwezi?"

Nilikuwa nimeelekeza tochi juu, kwa adabu, nisije nikammulika usoni. Nikairudisha chini. Ila nilipoinama kuangalia tundu moja refu, niliteleza kwenye jani la bahari, nikatumbukia uso mzima kwenye kidimbwi, tochi na mimi. Nilinyanyuka nikitema maji. Tochi ilikuwa inawaka bado. Nikasema moyoni, aliyechora yule bwana wa kwenye boksi hakusema uongo.

Asubuhi niliikuta na ukungu ndani ya kioo, na tone moja limekaa chini ya balbu likitikisika kama jicho la samaki aliyechemshwa.

Jirani wa kulia akanishauri mchele. Nikaizika kwenye kopo la mchele, na mchana mama mkwe alipompelekea mzazi uji wa mchele, aliuonja akauliza kama mchele siku hizi unalimwa baharini. Jirani wa kushoto akaniambia niichaji tu, moto wa chaji utaukausha unyevu. Nikaichomeka. Tundu la chaji lilikuwa na kifuniko kidogo cha mpira ambacho kilishalegea siku nyingi, na ndani yake niliona utando mweupe, nikaupuliza kwa mdomo, nikachomeka hivyohivyo. Ikapata moto hadi nikaogopa kuishika. Kisha nikaifanyia ile tiba kuu ya wamulikaji wote wa kwetu, ambayo hakuna aliyewahi kuitilia shaka: nikaivalisha koti. Unachukua kifuko cha nailoni, vile vya kugandishia barafu za watoto, unaitumbukiza tochi humo, unafunga na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, unakaza mpaka vidole vinauma. Maji hayaingii tena. Kwamba yaliyokwisha kuingia nayo hayatoki, hilo halikumpitia mtu akilini, mimi nikiwa wa kwanza.

Nikaitundika ukutani, imezimwa, imevaa koti lake.

Alasiri, nikiwa napitia hesabu zangu mkekani, mke wangu akasema, "Baba mtoto, tochi umeiacha inawaka."

Nikainua macho. Ilikuwa inawaka. Ndani ya kifuko cha nailoni, kwenye ukungu, mwanga mweupe mzito kama wa kitu kinachoishi chini ya maji. Nilikwenda nikabonyeza swichi. Ikazima. Nikarudi kuketi. Ikawaka.

Damu yangu yote ilishuka miguuni. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo, nikaanza kujihoji kimyakimya kama askari anavyomhoji mwizi. Jina lako? Nikalitaja. Jina la mkeo? Nikalitaja. La mtoto? Mtoto alikuwa bado hajapewa jina, na kwa dakika nzima nilitokwa jasho nikidhani nimelisahau. Saba mara nane? Kimya. Saba mara nane! Hakuna kitu. Ukweli ni kwamba saba mara nane sikuwahi kuijua tangu darasa la tatu, lakini siku ile niliililia kama kitu nilichoibiwa.

Mchana ule nilikuwa nimetumwa chumvi nikarudi na kiberiti. Asubuhi nilikuwa nimevaa shati ndani nje hadi shuleni, watu wakaniambia njiani nikawashukuru nikasahau kuligeuza. Juzi nililiweka daftari kwenye banda la kuku. Vyote vile nikavipanga mstari, na kila kimoja kikaniambia: imeanza. Na usiku uliotangulia, kwa vile vipande vya usingizi mtoto alivyokuwa anatupa, nilikuwa nimemwota yule mkulima wa ufuta amekaa kwa jirani, anakula, anatabasamu, hajui yeye ni nani.

Ningemwambia nani? Nimwambie mke wangu siwezi kumsindikiza mama yako kwa sababu tochi itanila ubongo? Nimwambie mama mkwe, ambaye hata habari za mvua nilikuwa sijawahi kuzungumza naye? Kuazima tochi nyingine haikuwezekana, bamvua hilo kila tochi ya mtaa ilikuwa na kichwa chake. Jioni ilipofika mama mkwe alikohoa nje ya mlango, ndiyo namna yake ya kuniita. Mke wangu akanitazama tena vile. Nikachukua tochi ukutani kwa ncha za vidole viwili.

Giza la mwezi mwandamo halina masihara. Tulitembea kufuata maji yanavyorudi, mama mkwe mbele na kijiti, mimi nyuma namulika juu ya bega lake. Kushoto na kulia kulikuwa na mianga ya wanawake wengine, wawili wawili, na nyuma yetu taa za mji. Tulivuka mkondo, lile bonde la maji lililo kati ya ufukwe na mwamba, likatufika magotini tu. Kila mtafuta pweza analijua lile bonde. Maji yakigeuka, hujaa hapo kwanza. Wewe uko mwambani, miguu yako mikavu, unadhani una muda, kumbe mlango umeshafungwa nyuma yako.

Tochi ilianza kunipasha paji la uso. Mwanzo nilijiambia ni jasho. Kisha ikawa joto la kikombe cha chai, kisha la kikaango. Nikahisi kitu kinavuta, hapa, katikati ya nyusi. Naapa nilihisi. Nikajaribu kukumbuka kanuni ya msukumo na eneo, ikaja nusu, nusu nyingine haikuja. Nikajaribu saba mara nane.

"Baba, mwanga unacheza," alisema mama mkwe, ameinama, mkono umezama kwenye tundu hadi kiwiko. "Tuliza kichwa. Kakubwa haka, kamenishika."

Kichwa chenyewe ndicho nilichokuwa nakiokoa. Nikaivua tochi, nikaufunga mkanda wake kiunoni, nikawa namulika kwa tumbo. Nilihisi nafuu kama mtu aliyeshushwa mzigo. Lakini tochi ya kiunoni haimuliki mbali. Inamulika tundu tu. Nikawa sioni tena maji yamefika wapi, na ndiyo kazi niliyopelekwa kuifanya.

Mama mkwe akahamia tundu jingine, la ndani zaidi. Nikainama kumsogezea mwanga, kiuno kikazama kwenye maji, na tochi ikafa.

Haikufifia. Ilikufa, kama mtu amefumba jicho.

Sijawahi kuona giza kama lile. Mtu akiniambia aliliona, nitamuuliza aliliona kwa kutumia nini. Nikabonyeza swichi kupitia nailoni, nikabonyeza, nikabonyeza. Na katika giza lile nikasikia sauti ambayo nilipaswa kuwa nimeisikia mapema: maji yanaingia kwenye matundu ya mwamba, moja baada ya jingine, yanagugumia kama mtu anayekunywa kwa pupa. Yalikuwa yameshageuka.

"Mianga ya wenzetu iko wapi?" akauliza.

Nikageuka. Ilikuwa mbali, midogo, yote imekwisha kuelekea ufukweni. Wenye macho waliyaona maji wakaondoka. Nikaita. Sauti yangu ikaenda hatua chache ikarudi.

"Taa za mji basi. Unaziona?"

"Naziona, mama." Na nilipokuwa nasema naziona, mji mzima ukazimika. Umeme ulikatika Masoko papo hapo, taa zote pamoja, mtu angedhani tochi yangu imewaambukiza. Nikasema, "Nilikuwa naziona."

Akatoa sauti fupi puani. Hadi leo sijui kama alicheka.

"Maji yanakugonga wapi?"

"Nyuma ya magoti."

"Yanaenda nchi kavu. Tunakwenda nayo. Ukisikia yanakugonga mbele, useme."

Tulianza kutembea. Mwamba ule, ambao mchana watoto hukimbilia, gizani ulikuwa na meno. Nilisikia mama mkwe anajikwaa, ndoo inagonga jiwe, na mara moja nikanyoosha mkono kumshika, kisha nikaurudisha. Mkono wangu ulikataa wenyewe. Mtu anaweza kuwa anazama na bado adabu ikamzuia. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza, "Mama, nipe ncha ya kijiti."

Akanipa. Akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukawa kama watu wanaobeba mzigo usioonekana. Nilikuwa nasikia mtetemo wa mwili wake unapita kwenye kijiti unaingia mkononi mwangu. Alikuwa anaogopa. Mwanamke yule niliyedhani hata simba akimwona anampisha, alikuwa anatetemeka, na hakuwa na mtu mwingine duniani ila mimi, na mimi nilikuwa mtu niliyeacha kutazama maji.

Tukafika kwenye mkondo. Nilijua kwa sababu mguu ulikosa kitu cha kukanyaga. Nikaurudisha. Magotini ilikuwa zamani. Nikashuka tena taratibu: mapajani, kiunoni, tumboni. Maji yalikuwa yanavuta kwa upande sasa, wala hayatusukumi nyumbani tena. Mama mkwe ni mfupi. Maji ya tumboni kwangu ni ya kifuani kwake, na yanapanda.

"Mama, tupa ndoo."

"Nimeshaitupa."

Ndoo ya pweza! Hapo ndipo nilipojua kwamba tunaweza kufa.

Na ndipo tochi ilipowaka. Chini ya maji, kiunoni kwangu, ndani ya koti lake la nailoni, yenyewe, sikuigusa. Ikawaka nyekundu, ikazima, ikawaka nyeupe, ikazima. Maji yote yaliyonizunguka yakawa yanapepesa. Nilipiga ukelele ambao nadhani Mafia waliusikia wakadhani ni meli. Kila nililoambiwa Nangurukuru likanirudia: imekufa, haina chaji, sasa inavuta kwangu. Nikajaribu kukumbuka uso wa mtoto wangu na sikuupata. Alikuwa mtoto wa siku chache, uso wake ulikuwa bado haujaamua utafanana na nani, lakini mimi nilijua tu kwamba nimeutafuta na haupo. Nikaanza kuufungua mkanda niitupe.

"Unafanya nini?"

"Naitupa, mama! Inaninyonya!"

"Inakunyonya nini?"

"Kichwa!"

Kijiti kikaanguka majini. Na mkono wa mama mkwe, wenye maji, wenye magamba ya miaka ya chumvi, ukanikamata kifundo cha mkono ukanibana hadi mfupa.

"Sikiliza wewe mtoto wa watu. Ukwe tumeuacha ufukweni. Nyanyua hiyo tochi juu. Juu!"

Nikainyanyua. Mkono wangu mmoja ameushika yeye, mwingine uko hewani na lile jini linapepesa nyekundu, nyeupe, nyekundu. Niligeuza uso pembeni, nikafumba macho, nikinyoosha mkono kadiri uwezavyo kurefuka, ili kichwa changu kiwe mbali nalo.

Kutoka ufukweni mtu akapiga yowe. Kisha mwingine. Sauti za wanawake, nyingi, "Huku! Njooni huku! Kulia kwenu, kulia!" Kumbe walikuwa wamehesabiana, wakaona wawili hawapo, wakasimama wanaangalia giza bila kujua waangalie wapi. Mianga yao ikasogea hadi ukingoni mwa maji ikajikusanya pamoja. Tukaifuata. Kuna mahali mama mkwe miguu yake haikugusa chini, nilijua kwa uzito uliokuja kwenye mkono wangu, nami nikamvuta na sikufikiria mkwe wala nani. Kisha mchanga. Mchanga wa Kilwa, mtamu kuliko godoro lolote nililowahi kulalia.

Alikaa chini ufukweni, akakohoa maji, akajifunika kanga ya mwanamke mmoja. Sikuthubutu kumwangalia. Mmoja wa wale wanawake aliniuliza kama niko salama, nikamwambia anitajie saba mara nane, nijue kama nitaitambua. Wakadhani baridi imenipanda kichwani.

Nyumbani mke wangu alimpokea mama yake mlangoni bila kuvuka kizingiti, akamshikashika mabega, mikono, masikio, kama anayekagua kama vyote vimerudi. Kisha akanigeukia. Nilitegemea maneno. Mama mkwe ndiye aliyesema, akiwa ameshanipa mgongo, adabu imerudi mahali pake.

"Mwambie mumeo, kesho maji yanakupwa zaidi ya leo. Ndoo na kijiti nitaazima."

Kesho! Sikulala. Tochi nilikuwa nimeiweka nje, chini ya ndoo mbovu iliyopasuka, na jiwe juu yake, nikawa naona mwanga unatoka kwenye ufa wa ndoo, unazima, unatoka. Nilijua nikikataa, atakwenda peke yake na macho yake yale. Nikikubali, nitaivaa ile tochi, au sitaivaa nitamwacha gizani tena. Kulipokucha nilikuwa nimezunguka hapohapo kama ng'ombe wa kinu, na hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Ndiyo maana nilikwenda shuleni mapema kabla ya kipindi, nikamkuta mwalimu wa sayansi anafuta ubao, nikaiweka tochi mezani kwake na koti lake, nikamwambia kila kitu. Nangurukuru, mkulima wa ufuta, mbwa, paji la uso, mkondo, uso wa mtoto. Nilimwambia kama mgonjwa anavyomwambia daktari.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na ningemlipa acheke. Alikata ule mpira wa baiskeli kwa mkasi, akatoa kifuko, maji yakamwagika mezani. Akafungua kifuniko cha tundu la chaji, akakwangua ule utando mweupe kwa ncha ya pini, akanionyesha kwenye kucha yake.

"Onja."

Nikaonja. "Chumvi."

"Chumvi yenye maji inapitisha umeme. Imeunganisha sehemu ambazo swichi inapaswa kuziunganisha, ndiyo maana inawaka yenyewe. Imeunganisha na zisizopaswa kuunganishwa, ndiyo maana inapata moto na kuzimika. Umeme wote ni wa betri yake. Wa kwako humo haumo."

"Na kusahau, mwalimu?"

"Mtoto ana siku ngapi?"

Nikamwambia.

"Unalala?"

"Silali."

"Basi." Akairudisha tochi kwenye mkono wangu. "Yule mtu wa kwenye boksi yuko kwenye mvua, hayuko baharini. Hii imetengenezwa kwa matone, ukiizamisha inaingia maji. Ikiingia maji ya bahari unaisuuza kwa maji ya bomba siku hiyohiyo, unaifungua, unaiacha wazi ikauke, ndipo unaichaji. Hii imeshaharibika. Pale kabatini kuna tochi mbili za shule, zichukue, moja ivae kichwani, nyingine iwe ya akiba, na usimshushe mama wa watu mwambani kwa tochi moja."